"Hii" ni ipi, mwalimu?

Shule za Tanzania zilipofungwa kwa ajili ya korona Machi 17, 2020, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alitangaza siku 30. Zikaisha, shule bado zimefungwa. Mwishoni mwa Aprili nikafungua kundi la WhatsApp, nikaanza kufundisha hesabu kwa simu, mimi niliyezoea chaki na kelele.

Kidato cha pili nilikuwa na wanafunzi 52. Niliowapata ni 19, wengi kwa simu za wazazi. Napiga picha daftari, natuma, halafu natuma voisi ya maelezo. Jioni moja ilikuwa zamu ya kukamilisha mraba: x² + 6x + 5 = 0. Voisi ya dakika nne. Nikajisifu moyoni, nikaenda kula.

Saa tatu usiku ikaingia voisi, siyo ya mwanafunzi. Ya mama yake, muuza dagaa. Nyuma redio inaimba, mtoto analia.

"Mwalimu, pole na kazi. Picha yako haifunguki, bando lililobaki ni la kusikiliza tu. Tumesikiliza mara tatu. Unasema hii ihamie kule, chukua nusu ya hii, halafu ile uiongeze pande zote. Sasa mwalimu, hii ni ipi?"

Nikajisikiliza. Kweli kabisa. Dakika nne nzima nimenyoosha kidole gizani! Kumbe darasani kidole ndicho kilichokuwa kikifundisha, mdomo unasindikiza tu. Miaka tisa kazini, sikuwa nimeshtuka.

Nikarekodi upya, macho nimefumba. "Tano ihamie kulia, iwe hasi tano. Kushoto imebaki x kwa kipeo cha pili, jumlisha sita x. Nusu ya sita, tatu. Tatu mara tatu, tisa. Ongeza tisa kushoto, ongeza tisa kulia..." Nilifuta na kuanza upya mara tano, maana kila nikifika katikati ulimi unateleza kwenye "hii". Mwisho nikawapa swali la kitabuni: x kwa kipeo cha pili, jumlisha nane x, jumlisha saba, sawasawa na sifuri.

Kesho yake mchana, mama tena, safari hii yuko sokoni.

"Shikamoo mama," niliandika.

"Marahaba. Mwalimu, mimi nimepata hasi moja na hasi saba. Mwenzangu kapata moja na saba. Nani kakosea?"

Kabla sijajibu ikaingia nyingine, ya sekunde tatu, sauti ya binti:

"Mwalimu, mama kachungulia majibu nyuma ya kitabu!"