Yai, chumvi ya Uvinza na kopo la nyanya

Nimerudi nyumbani mikono inaniwasha kwa chumvi. Leo kidato cha kwanza tulifika kwenye Kanuni ya Archimedes, ile inayoeleza kwa nini kitu huelea au huzama, na maabara yetu ilikuwa jagi la lita moja, beseni la kufulia, yai moja na pakiti ya chumvi ya Uvinza.

Yai lilizama kwenye maji matupu. Nikatia vijiko vitatu, nikakoroga kwa madaha. Likatulia palepale chini. Cha nne, cha tano, kimya. Darasa likaanza kucheka. Binti mmoja aliyekulia Uvinza akasema, "Mwalimu, mbona unaionea huruma chumvi?" Nikamkabidhi kijiko. Alipofika cha nane, vya kujaa kwelikweli, yai likajitikisa, likapanda polepole kama mzee anayeinuka mkekani.

Nilidhani tumemaliza. Mvulana wa nyuma akanikatalia: "Hilo viza, mwalimu. Mama huyapima hivyohivyo, linaloelea anatupa." Na mama yake hakosei. Yai likikaa siku nyingi, maji yake hupotea kupitia ganda na hewa inachukua nafasi. Ukubwa ni uleule, uzito umepungua. Ikabidi nilisuuze, nilirudishe kwenye maji matupu mbele ya macho yao. Likazama. Kumbe kilichobadilika ni maji, yai ni lilelile. Hatua hiyo haikuwamo kwenye andalio langu la somo, na bila yake nisingekuwa nimethibitisha chochote.

(Somo hufundishwa kwa Kiingereza, najua. Ubishi ulikuwa wa Kiswahili na sikuuzima. Neno "densiti", yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake, niliwapa baadaye, walipokwisha kulihitaji.)

Msumari unazama, mbona Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, chuma kitupu, inaelea? Nikaweka kopo tupu la nyanya kwenye beseni, likaelea. Nikalijaza mchanga, likaenda chini. Nikawaambia ndivyo Wajerumani walivyofanya hapa ziwani mwaka 1916: waliijaza meli yao mchanga wakaizamisha wenyewe, injini wakiwa wamezipaka grisi ili zisioze. Waingereza wakaiibua 1924, nayo ndiyo Liemba. Yule wa viza akanyoosha mkono tena: "Kwa hiyo chuma hakikubadilika, mwalimu. Walichoondoa ni hewa tu." Nikaketi.

Usiku huu nimelichemsha lile yai. Si viza.