Makadamia za kihambani: nilivyopata viini vizima

Kwenye kihamba cha mama, yaani shamba linalozunguka nyumba, huko Kibosho mkoani Kilimanjaro, kuna miti miwili ya makadamia katikati ya migomba na kahawa. Marehemu baba ndiye aliyeipanda. Miaka yote kokwa zake zilikuwa za panya na za watoto, waliozigonga kwa jiwe wakaokoteza vipande. Mwaka jana nikamwambia mama kwamba msimu huu nazishughulikia mimi. Akanijibu, "Chukua mwanangu, lakini hizo zina roho ngumu."

Nilianza kwa kukosea. Nilipanda mtini nikachuma debe zima, kwa sababu kwa macho zilikuwa kubwa na zimejaa. Nilipopasua ganda la nje la kijani, lile linalofunika kokwa yenye ganda gumu, nikakuta upande wake wa ndani ni mweupe. Ya kukomaa huwa ya kahawia hapo ndani, na kwa nje huwezi kutofautisha. Ndiyo maana makadamia huokotwa, hazichumwi: ikikomaa inadondoka yenyewe. Viini vya debe lile vilisinyaa vyote. Iliniuma sana, maana ningesubiri wiki chache tu.

Basi tukafyeka majani chini ya miti, tukawa tunaokota kila baada ya siku mbili kabla panya hawajatutangulia. Kumenya ganda la kijani ni kazi ya siku hiyohiyo. Ukiziacha nalo kwenye gunia zinapata joto, kisha ukungu. Ganda lina ufa wake wa asili. Ncha ya kisu ikiingia pale, linafunguka. Mama alinishinda kwa mbali kwenye kazi hii.

Kukausha ndiko kulikonipa shida, na ndiko kwenye siri yote. Kokwa mbichi kiini chake kimejaa na kimeng'ang'ania ganda gumu. Ukigonga, kinapondeka pamoja na ganda. Kikikauka kinanywea, kinaachana na ganda, na ukitikisa kokwa sikioni unasikia kinacheza. Sasa Kibosho wakati wa masika utakausha wapi? Mvua, ukungu, baridi. Kokwa za kwanza nilizotandaza stoo ziliota kuvu ndani ya siku chache.

Nikazishusha mjini kwangu, ambako joto lipo hata masika. Nilipigilia wavu wa waya kwenye fremu ya mbao, nikaupandisha juu ya matofali chumbani ili hewa ipite chini, nikatandaza tabaka moja tu na kuzigeuza kila jioni. Juani sikuzianika: jua kali hupasua maganda, na mafuta ya kiini yakipigwa na joto na hewa huchacha. Makadamia ni mafuta zaidi ya theluthi mbili, kwa hiyo hapo hakuna mzaha. Baada ya wiki tatu nilianza kusikia ule mlio.

Nyundo niliiacha. Kokwa ni ya mviringo, inachomoka inaruka, na ikitulia unaipiga kupita kiasi. Jirani yangu ni fundi seremala, nikamwomba nitumie jiliwa lake, kile kifaa cha chuma cha kubania mbao, jioni akishafunga kazi. Unaibana kokwa, unakaza taratibu mpaka usikie "ka!", unaacha hapohapo, unaigeuza robo, unakaza tena kidogo. Ganda linaachia vipande viwili vitatu na kiini kinabaki mkononi, cheupe, kizima. Kilo 15 za kokwa kavu zilinipa kilo 4 na ushee za viini. Zilinichukua jioni sita.

Viini nilivikaanga kwa moto mdogo sana, kwenye sufuria zito, mpaka vikaanza kupata rangi ya asali. Vikipoa nikavifungia kwenye chupa zenye vifuniko vya kubana, nikaweka kwenye friji. Mwenye mbwa awe makini na makombo: makadamia humdhuru mbwa, hutapika na miguu ya nyuma hulegea.

Chupa ya kwanza nilimpelekea mama. Akamimina vichache kiganjani, akaviangalia bila kula. Miti imesimama pale mlangoni kwake zaidi ya miaka 20, na alikuwa anaijua kwa vipande tu. "Kumbe ni ya duara hivi," akasema. Kisha akaniuliza kama ule wavu naweza kuuongeza uwe miwili.