Kabla ya kutibu rovu, damu ipimwe

Hapa Bukavu, mtu akivimba shingo, majirani humwambia kwanza ale chumvi yenye iodini. Ushauri huo una asili yake: katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walieleza jinsi upungufu wa iodini, ukichangiwa na sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri, ulivyowaletea watu wengi rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Chumvi hiyo isikose jikoni, lakini hiyo ni kinga. Kwa mtu mzima mwenye rovu la vinundu la miaka mingi, iodini nyingi ya ghafla inaweza kuifanya tezi ya thairoidi itoe homoni kupita kiasi.

Uvimbe peke yake hausemi kama tezi imelegea au imezidisha kazi. Ndiyo maana nawasihi ndugu zangu waombe kipimo cha damu cha TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi, kabla ya kununua dawa yoyote.

Tezi iliyolegea hutibiwa kwa levotiroksini, kidonge cha homoni ya tezi hiyo, mara nyingi maisha yote. Shangazi yangu, mchuuzi wa Kadutu, huweka kidonge na kikombe cha maji kando ya kitanda. Hukimeza alfajiri, hufagia ua, huwasha makaa, na chai ya maziwa huinywa baada ya nusu saa au zaidi, kwani chakula huizuia dawa kuingia mwilini. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu husubiri hadi zipite saa 4 baada ya dawa hiyo. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Inaniuma kuona wengi wakiiacha dawa wanapopata nafuu, ilhali nafuu yenyewe inatokana na dawa.

Tezi iliyozidisha kazi hutulizwa kwa karbimazoli, kwa kawaida miezi 12 hadi 18, na propranololi hupunguza mapigo ya moyo. Anayetumia karbimazoli akipata homa na maumivu ya koo aisimamishe, akapimwe chembe nyeupe za damu siku hiyo hiyo. Ipo pia iodini ya mionzi, isiyotolewa kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na upasuaji, hasa rovu linapobana koo.

Mwanamke anayemeza levotiroksini akishika mimba asiiache hata siku moja. Amwone daktari mapema, kwa kuwa mara nyingi kipimo cha dawa huhitaji kuongezwa.