Nyama ya Mbuni ya Kupalia Makaa: Nilivyoipika Hadi Ikalainika

Baba mkwe wangu alizaliwa na kukulia Taita, na katika mazungumzo yake hakukosi kutajwa nyama ya pofu na ya kongoni aliyoila ujanani, kabla serikali ya Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Alipokuja kukaa nasi hapa Tudor, Mombasa, siku moja baada ya chakula cha mchana aliniambia, "Mwanangu, nyama yenu ya buchani ina mafuta mengi. Mimi natamani nyama ya mnyama aliyezoea kukimbia." Nilimwitikia, "Sawa, Baba," na tangu siku hiyo neno lake halikunitoka moyoni.

Sikufikiria hata kidogo kuwatafuta wanaouza nyama ya porini kwa siri. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaikataza biashara hiyo, na isitoshe, nyama isiyopita mbele ya daktari wa mifugo inaweza kuwa na kimeta, na siwezi kumlisha mzee wa watu hatari ya namna hiyo. Kilichobaki ni mbuni, ndege ambaye hufugwa Kajiado na ambaye nyama yake ni nyekundu kama ya ng'ombe, ila haina michirizi ya mafuta ndani ya mnofu. Niliagiza kilo 2 za mnofu wa paja, zikaja kwa basi la usiku zikiwa zimegandishwa na kufungwa vizuri katika boksi.

Mara ya kwanza niliiharibu. Niliipaka papai bichi lililopondwa, kama tufanyavyo mishkaki, nikaiacha usiku kucha, kisha nikaichemsha kwa moto mkali wa gesi kwa muda wa saa mbili. Kipande nilichokikata kwa kisu kilikuwa kimerojeka juu kama uji, na ndani kilikuwa kikavu, nyuzi zake zikiachana kama za kamba ya kumbi. Mzee alikula bila kunung'unika, jambo ambalo liliniumiza zaidi kuliko kama angelalamika.

Nilikaa nikalitafakari kosa langu, na nikagundua kwamba lilianzia kwenye kuchagua. Mnofu wa paja ni laini tayari, hauna kano, hivyo unafaa kuchomwa haraka na kuliwa. Ukiuchemsha muda mrefu unatoa maji yake yote na hakuna kitu ndani yake cha kuyafidia. Sehemu zinazostahili chungu ni shingo na muundi, kwa sababu zimejaa kano, na kano zikipikwa polepole huyeyuka zikawa ute unaoifanya nyama iteleze na mchuzi uwe mzito. (Usitafute kifua cha mbuni, tofauti na kuku, hapo karibu hakuna nyama.) Papai nalo linafanya kazi juu juu tu, halifiki katikati ya kipande kinene.

Kwa hiyo mara ya pili niliagiza shingo na muundi, kilo 2 pamoja na mifupa. Niliondoa kwa kisu chembamba ule utando mweupe unaong'aa, kwa kuwa huo haulainiki hata ukipikwa siku nzima, lakini kano sikuzigusa. Nililaza nyama usiku mmoja katika kikombe kimoja cha mtindi, kitunguu thomu, tangawizi, pilipili manga na bizari nyembamba niliyoinunua soko la Marikiti na kuikaanga kidogo kabla ya kuitwanga. Chumvi nilitia kiasi tu.

Lililobaki lilikuwa suala la mafuta. Nyama isiyo na mafuta yake lazima iazimwe, na hapa Pwani hatuna shida ya mahali pa kuazima. Niliyeyusha kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo, kiasi cha kiganja, katika sufuria nzito, nikakaanga nyama vipande vichache vichache, kwa maana ukivijaza vyote kwa pamoja hutoa maji na kuchemka badala ya kugeuka rangi. Nilipoitoa nyama nilikaanga vitunguu maji 6 hadi vikawa vya rangi ya dhahabu iliyokolea, nikatia nyanya 5, kijiti cha mdalasini na maji ya ukwaju, nikairudisha nyama, nikaongeza kunde nilizoziloweka tangu jana yake, kisha nikamimina tui la pili mpaka likakaribia kuifunika nyama.

Jirani yangu, mama wa Mji wa Kale ambaye biriani yake inajulikana mtaa mzima, ndiye aliyenifundisha kuziba mfuniko kwa unga wa ngano uliokandwa ili mvuke usitoke. Kabla ya kuziba nilihakikisha kwamba mchuzi unatoa povu dogo moja moja, si kuruka ruka, na niliweka sufuria juu ya jiko lenye makaa machache yaliyokwisha kufanya majivu. Ilikaa hapo saa tatu. Nakiri ni vigumu kujizuia usifunue, lakini usifunue.

Saa tatu zilipotimia nilivunja ule unga, na kano za shingo zilikuwa zimekuwa za kung'aa, zinakatika kwa kijiko. Hapo ndipo nilipotia kasimile, yaani tui zito la kwanza, nikapanga juu karoti na viazi nilivyovikata vipande vyembamba kama sarafu, viazi vikiwa tabaka la juu kabisa, nikavipaka samli, nikarudisha mfuniko na kupalia makaa juu yake, kama tupikavyo mkate wa kumimina, huku chini nikibakisha moto kidogo sana. Baada ya dakika 45 viazi vilikuwa vimepata ukoko wa kahawia ukingoni, na chini yake mchuzi ulikuwa umeshikana na kunde, mzito kiasi cha kubaki mgongoni mwa mwiko. Niliiacha itulie robo saa kabla ya kupakua.

Tuliila kwa mkate wa mofa na kachumbari yenye ndimu nyingi. Baba alichukua kipande cha shingo kwa mkono, akakizungusha akitafuta pa kuanzia, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hii si pofu. Lakini huyu naye alikimbia." Akausogeza mfupa mtupu pembeni ya sahani, akaniomba mwingine.