Tangaza hereni, usitangaze kozi

Tangazo la "mafunzo ya kutengeneza mapambo" huleta pongezi nyingi na wanafunzi wachache. Mtu ambaye hajawahi kushika koleo hajui kozi hiyo itamfikisha wapi, wala kama mikono yake itaiweza. Mpe jambo analolielewa mara moja: muda wa saa mbili, jozi moja ya hereni, anaondoka amezivaa.

Basi chagua kazi isiyomshinda mgeni. Bangili ya shanga na uzi wa mpira ndiyo nyepesi kuliko zote: kwa urefu wa sentimita 18 unahitaji shanga 30 za milimita 6, uzi wa milimita 0.8, na fundo la kuzungushwa mara mbili linalotiwa tone la gundi. Hereni zinavutia watu zaidi, ila wengi hukwama kwenye kukunja ncha ya waya iwe kitanzi cha kuning'inizia shanga. Waya unaobaki juu ya shanga uwe kama sentimita 1. Ukizidi, kitanzi kinakuwa kikubwa na kupwaya, ukipungua, hakifungi. Wape kwanza waya wa bei nafuu wakunje vitanzi vitano ndipo waguse shanga. Kulabu za kuvalia sikioni zisiwe na nikeli, maana sikio likianza kuwasha usiku huo, mwanafunzi harudi, na rafiki zake watasikia.

Kitanzi hichohicho ndicho kinachoamua ukubwa wa darasa. Lazima usimame kando ya kila mmoja uone mkono wake, kwa hiyo mwalimu mmoja asizidishe wanafunzi 6. Wakiwa 10, wanne wanakaa wakisubiri, wanaondoka na kazi nusu, na hawakwambii kwa nini hawakurudi.

Ada ipigie hesabu ya watu 4, si 6: vifaa, ukumbi, uchakavu wa koleo, na muda wako pamoja na ule wa kupanga vifaa vya kila mwanafunzi. Chukua nusu ya ada mapema. Darasa la bure hujaza orodha ya majina, kisha viti vinabaki wazi.

Wa kuwaalika kwanza ni wale walionunua kazi zako na wale wanaoleta mikufu iliyokatika. Hao tayari wanajali. Tia kikaratasi cha tarehe ya darasa kwenye kila kifurushi unachouza. Picha za tangazo zioneshe mikono ya mwanafunzi ikikunja waya, kwa sababu kazi iliyokamilika ikipigwa picha peke yake, watu wanauliza bei ya kuinunua. Andika pia kwamba vifaa vimo ndani ya ada, na kwamba anayetumia miwani ya kusomea aje nayo.

Kielelezo cha pambo la darasa linalofuata kiwe mezani tangu mwanzo, bila maelezo marefu. Watakiulizia wenyewe. Andikisha majina kabla hawajanyanyuka, wakiwa bado wanajitazama kwenye kioo.