Aliyezaliwa Si kwa Wakati Wake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni 1 Wakorintho 15:8-10.

Tulipokwenda kumwona mwenzetu wodini, akina mama wa jumuiya tulisimama mlangoni tukiulizana kwa macho: tumpe hongera au pole? Mimba ilikuwa ya wiki 30. Mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kavaa nepi, kofia na soksi basi, kafungwa kwa khanga asiteleze. Mama hakuinuka kutusalimu. Kifua chake ndicho kilichokuwa kikimpa mtoto joto ambalo mwili wake ulikuwa bado haujaweza kujitengenezea. Wauguzi wanaita kangaruu.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati sisi mtaani tunamwita njiti, kama ya kiberiti. Jina silipendi, ila limeshazoeleka.

Sasa msikilizeni Paulo. Anawataja wote waliotokewa na Bwana, kisha anajiweka mkiani: alinitokea na mimi, "kama ni mtu aliyezaliwa si kwa wakati wake". Neno la Kiyunani alilotumia ni kali zaidi, ni la mimba iliyotoka. Mtume mzima anajihesabu na wale ambao watu hawajui wawape hongera au pole! Na mstari wa 10 anasema neema aliyopewa haikuwa bure.

Tukampa hongera.

Kwa utafiti wa afya wa mwaka 2022, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 hapa Tanzania vilikuwa 43 kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 katika ule wa 2015-16. Tumshukuru Mungu, na serikali nayo tuipe haki yake. Lakini kwa wasiotimiza mwezi mmoja, idadi ilitoka 25 ikafika 24. Moja tu. Hapo ndipo njiti wetu walipo, na ndiyo maana nafurahi nikiona hospitali zinafungua wodi za watoto wachanga, na namba 115 ya m-mama inayopigwa bure kumtafutia mama au kichanga usafiri wa dharura.

Lililonigusa zaidi ni marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025. Mfanyakazi akijifungua njiti, likizo yake ya uzazi inaongezewa muda uliobaki mpaka zitimie wiki 40 za mimba. Yaani sheria imekubali kwamba mtoto huyu, ingawa ameshazaliwa, siku zake za kubebwa hazijaisha.

Mwenzetu anauza vitumbua. Hana mwajiri wa kumwandikia likizo. Basi Jumatatu saa 11 alfajiri dada mmoja wa jumuiya alikuwa barazani kwake, kashika chuma cha vitumbua. Anatia mafuta mengi kuliko mwenyewe na wateja wameshalalamika, lakini kila jioni hesabu inafika wodini.