Kumbukumbu ya mradi: mtiki, teke la mashine na kisu cha tatu

Imepita! Mbao ya mtiki, futi 7, unene inchi 2, imepasuliwa mwanzo mpaka mwisho bila kuungua, bila kubana, bila kurudi nyuma. Wanaofanyia kazi misumeno ya meza iliyoundwa kwa kuchomelea vyuma hapa Ngamiani, Tanga, wanajua kwa nini jambo dogo hivi linaandikwa.

Mashine ni ile ile: mota ya hp 3 yenye mizunguko 2,800 kwa dakika, pulii ya inchi 5 kwenye mota na ya inchi 3.5 kwenye shafti, hivyo diski ya inchi 10 inakwenda kama mizunguko 4,000. Shafti haisogei, meza ndiyo inayopanda na kushuka. Kisu cha nyuma ya diski, yaani bati la chuma linalozuia mbao iliyopasuliwa isiibane diski, haikuja nacho.

Tatizo ni teke. Meno ya mbele yanashuka, yanaikandamiza mbao mezani. Ya nyuma yanapanda, na mbao ikiyagusa inanyanyuliwa na kurushwa kwa aliyesimama. Sasa mtiki wa Longuza, shamba la miti la Muheza, hasa ule mchanga, una mvutano ndani. Ukiupasua tu, pande mbili zinataka kukutana tena. Njia ya msumeno ilikuwa mm 3.2 pale kwenye diski. Futi 1 nyuma yake, mm 1.5. Diski imeshabanwa hapo.

Ila mbao haikuwa na kosa peke yake. Michirizi myeusi ya kuungua ilikuwa kwenye kipande cha upande wa geji (ukuta wa mezani unaoongoza mbao), maana yake geji na diski zimekaribiana nyuma kuliko mbele. Kupima: chomoa plagi, paka jino moja chaki, pima kutoka mfereji wa meza jino likiwa mbele, zungusha diski kwa mkono, pima likiwa nyuma. Jino lile lile. Ukitumia mawili tofauti utakuwa unapima mpindo wa diski. Tofauti: mm 1.4. Legeza bolti za beringi za shafti, gonga kwa nyundo ya mbao, kaza, pima, shafti imekimbia tena. Kilichokera ni kwamba ilikuwa inakimbia wakati wa kukaza, si wakati wa kugonga. Dawa ilikuwa kukaza bolti zote nne kwa zamu, robo mzunguko kila moja, mpaka ikabaki mm 0.1. Geji ikaachwa wazi mm 0.3 kwa nyuma.

Teke likapungua, halikwisha. Basi kisu.

Cha kwanza kilitoka kwenye bati la msumeno wa mkono uliochakaa, mm 0.9. Kilipinda kama karatasi. Cha pili, chuma cha mm 3, kilichomelewa chini ya meza, na huo ulikuwa ujinga mtupu: meza ikipanda, kisu kinapanda nayo, kinaizidi diski kimo na pengo linapanuka. Cha tatu kimefungwa kwa bolti kwenye fremu ya shafti, meza ikifanya litakalo. Unene wake lazima uzidi bati la diski (mm 2.2) lakini usifikie njia ya meno (mm 3.2), kwa hiyo kilipigwa tupa hadi 2.6. Ukingo unafuata duara la diski, pengo mm 5, ncha iko mm 2 chini ya jino la juu. Kukiweka katikati, rula ndefu ilazwe ubavuni mwa diski, halafu chomeka wosha na vipande vya kopo la soda, kila kimoja kama mm 0.1. Vimeingia vitatu.

Kuhusu diski: kupasua ni meno 24. Muuzaji atakusifia ya meno 60 kwa kuwa inakata laini, na kweli inakata laini, lakini kwa kukata mkingamo, yaani kukatiza nyuzi za mbao. Ukipasulia, mabonde yake madogo hayabebi unga na unakuwa unapika mbao. Tena mtiki una silika. Meno yasiyo na ncha za kabaidi (ngumu kuliko chuma cha kawaida) yanakuwa butu kabla ya chai ya saa nne. Glovu, hapana, hata mbao iwe na vibanzi vipi: jino likidaka kitambaa linavuta na mkono.

Leo ilikuwa zamu ya sledi ya kukatia, kibao kinachoteleza mezani na kubeba mbao. Plaiwudi imekatwa, imeegemezwa ukutani, basi. Badala yake limeingia wazo la geji fupi: ubao wa mkongo umefungwa usoni mwa geji, unaishia usawa wa katikati ya diski. Ukipita hapo, kipande kinakuwa na nafasi ya kutanuka kuelekea geji badala ya kusukumwa kwenye meno ya nyuma. Ubao huo ndio uliopitisha futi 7. Mkono wa kusukumia nao umebadilishwa: si kijiti chenye mdomo, ni kiatu cha sentimita 25 chenye kisigino cha mm 6, kinachokandamiza na kusukuma kwa pamoja. Simama kushoto kidogo mwa mstari wa diski.

Kofia ya kufunika diski bado. Matundu mawili ya mm 6 yameshatobolewa juu ya kisu kwa ajili yake.